Mtunga Michezo Ale Nini, Aseme Nini?

Baridi ya Juni imeshika kweli kweli huku kwetu. Mtu akitoka nje alfajiri huona umande umeganda juu ya majani kama chumvi. Wenye viazi wanapakia magunia, wenye mahindi wanavuna, na malori yanashuka Makambako usiku na mchana. Mimi nimeketi karibu na moto, nami nina neno moja la kuwauliza. Mtu atungaye michezo ya kuigiza, je, anafanya kazi au anacheza?

Msiseme upesi kwamba ni swali la watoto. Niliulizwa swali hilo na binti mmoja wa Makambako, fundi wa cherehani, ambaye nilimfundisha shule ya msingi zamani. Alinijia akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika marahaba. Akaketi, akasema, "Mwalimu, nimetunga mchezo, na wazee wamekasirika. Niendelee kutunga, au niache nishone tu?"

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Vijana wa usharika mmoja huko Makambako walitaka kucheza mchezo siku ya sikukuu yao. Binti huyu akawatungia. Mchezo wake ulikuwa juu ya mwanamke aliyefiwa na mumewe. Kabla ya siku arobaini kwisha, baba mdogo wa watoto akaja na kamba ya kupimia, akapima shamba la miparachichi, akasema shamba ni la ukoo na mjane arudi kwao. Watu walicheka kidogo mwanzoni, kisha wakanyamaza. Mchezo ulipokwisha, wanaume watatu walikwenda kwa wazee wa kanisa kulalamika. Kila mmoja alisema kwamba yeye ndiye aliyetukanwa. Na binti hakuwa akimfikiria hata mmoja wao! Wazee wakatoa agizo: mchezo usirudiwe, ama sivyo yule baba mdogo aondolewe.

Binti akaniambia, "Mwalimu, nikimwondoa baba mdogo, mchezo hauna miguu."

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe juma moja. Katika juma lile nilikumbuka habari za watu waliotunga michezo katika Afrika yetu ya Mashariki, jinsi walivyoishi na yaliyowapata. Nayaandika hapa kwa ajili yake na kwa ajili yenu, maana naamini kila usharika una kijana wa namna hii, naye anangoja kuambiwa neno na wakubwa wake.

Nianze na mtu ambaye watoto wetu wengi wamesoma kitabu chake shuleni, Bwana Ebrahim Hussein. Alizaliwa mwaka 1943 katika pwani ya kusini ya nchi yetu. Akasoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alipokuwa bado kijana akatunga michezo mifupi, Wakati Ukuta na Alikiona. Mwaka 1969 ukachapishwa mchezo wake mkubwa, Kinjeketile, ambao yeye mwenyewe aliufasiri kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Fikirini, mtu wa miaka 26 tu!

Mchezo ule ni juu ya Vita vya Maji Maji. Watu wa Njombe, habari hii si ya mbali kwetu. Mwezi wa Julai mwaka 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba ya Wadachi, na vita vikaanza. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule ule, siku chache tu tangu vita kuanza. Lakini neno lake halikufa pamoja naye. Lilitembea kutoka kabila hata kabila, na mwezi wa Septemba likafika kwetu. Watu wa Mtwa Mbeyela wakakishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, si mbali na mji huu wa Njombe. Baada ya vita ikaja njaa, na njaa iliua wengi kuliko risasi.

Sasa, Bwana Hussein aliyapata wapi haya? Hakuyaota. Miaka ile ya 1960 wanahistoria wa Chuo Kikuu, kama Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikuwa wakikusanya masimulizi ya wazee waliokumbuka vita, na mwaka 1968 wakatoa kitabu cha kumbukumbu zile. Mtungaji akayatumia. Kisha akafanya kazi yake mwenyewe, maana mtungaji si karani wa historia. Alibadili hata jina kidogo. Katika historia ni Kinjikitile, katika mchezo ni Kinjeketile, ili msomaji ajue kwamba huyu wa jukwaani ameumbwa na mtungaji.

Na neno gani alilitia ndani yake? Alituonyesha mtu aliyesema neno kubwa, halafu neno likamshinda nguvu. Kinjeketile wa mchezo anataka watu waungane kwanza, wajifunze, wangoje. Watu hawangoji. Wameshika lile la maji tu, wanakimbilia vita. Mwishoni amefungwa, na Mdachi anamtaka atangaze kuwa maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anajua kwamba akisema hivyo, watu wa mahali pengine na watoto wao watavunjika moyo, wasidai haki yao tena. Hapo mtazamaji anabaki na mzigo. Je, alitenda vema? Mimi nimewafundisha watoto mchezo huu miaka mingi, na kila mwaka darasa liligawanyika mafungu mawili. Mtungaji mwema hukuachia kazi ya kufikiri, wala hakutafunii kila kitu.

Nikamwandikia binti katika daftari langu: la kwanza, mtungaji ni mtu wa kusikiliza. Asiyewasikiliza wazee wake atatunga mambo ya sinema za watu wengine.

La pili ni la tumbo. Wazazi wengi wakisikia mtoto anataka kutunga, huuliza, "Utakula nini?" Ni swali la haki. Wala msidhani ni la Waafrika tu. William Shakespeare wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1564, alikuwa mtoto wa fundi wa glavu. Alitunga michezo inayochezwa duniani kote hata leo, lakini mali yake hakuipata kwa kuuza maandishi tu. Alikuwa mchezaji mwenyewe, tena alikuwa na hisa katika kundi lake, na mapato ya mlangoni yakagawanywa kwa wenye hisa. Twaweza kusema alikuwa mwanachama wa ushirika! Sisi watu wa viazi na kahawa tunaelewa maana yake.

Kwetu, watungaji karibu wote walikula mkate wa kazi nyingine. Bwana Hussein alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu. Alikwenda Ujerumani Mashariki, akapata shahada ya udaktari katika Chuo cha Humboldt, Berlin, mwaka 1975, kwa kuandika juu ya maendeleo ya michezo ya kuigiza katika Afrika ya Mashariki. Akarudi akafundisha. Mama Penina Muhando, ambaye vitabu vingine vinamwita Penina Mlama, alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, wilaya ya Kilosa. Naye alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hata akafika daraja la profesa, na baadaye akaongoza FAWE, jumuiya ya Afrika nzima inayopigania elimu ya wasichana, yenye makao yake Nairobi. Na katikati ya kazi hizo akatunga. Hatia ilitoka mwaka 1972, habari za msichana aliyepata mimba nje ya ndoa. Ikafuata Tambueni Haki Zetu mwaka 1973, Heshima Yangu mwaka 1974, Pambo mwaka 1975, Nguzo Mama mwaka 1982 na Lina Ubani mwaka 1984. Hesabuni wenyewe. Hiyo ni michezo sita katika miaka 12, kwa mtu mwenye kazi na nyumba.

Tena tusimsahau Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1963, akiwa kiongozi wa nchi changa yenye matatizo pande zote, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, Juliasi Kaizari. Hakutosheka nayo. Mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuisahihisha, pamoja na tafsiri ya mchezo wa pili, Mabepari wa Venisi. Watu wengine walidhani Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya amri tu. Yeye akawaonyesha kwamba chaweza kubeba mawazo mazito na maneno ya kifalme. Basi mtu asiniambie kwamba michezo ni kazi ya wasio na kazi, ikiwa Mkuu wa nchi alikesha usiku akiipima silabi zake.

Nikaandika: binti yangu, usiuze cherehani. Cherehani ikulishe, na mchezo ulishe watu. Siku itakapokuja ambayo mchezo nao utakulisha, mshukuru Mungu, lakini usiingoje siku hiyo ndipo uanze.

La tatu ni zito zaidi. Mtungaji hulipa, na mara nyingine bei ni kubwa mno. Katika Uganda alikuwako mtu aliyeitwa Byron Kawadwa, mtungaji wa michezo ya Kiganda na mkuu wa jumba la taifa la michezo huko Kampala. Mchezo wake, Oluyimba lwa Wankoko, maana yake wimbo wa jogoo, ulipelekwa Lagos mwanzoni mwa mwaka 1977 katika sikukuu kubwa ya sanaa za watu weusi. Wenye mamlaka wa serikali ya Idi Amin waliona kuwa wanasemwa. Aliporudi alikamatwa, akauawa. Ni mwaka ule ule, mwezi wa Februari, ambapo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Kanisa linamkumbuka Askofu kila mwaka, na ni haki. Mimi huwakumbuka wote wawili, mmoja wa mimbarini na mmoja wa jukwaani, maana wote waliishi chini ya mtu yule yule asiyetaka kuambiwa neno.

Mwaka huo huo wa 1977, katika Kenya, Bwana Ngugi wa Thiong'o na Bwana Ngugi wa Mirii walitunga mchezo kwa Kikikuyu, Ngaahika Ndeenda. Waliufanya pamoja na wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Kamiriithu, karibu na Limuru. Wanakijiji walijenga jukwaa wenyewe, wakarekebisha maneno wenyewe. Ukachezwa majuma machache tu, ukapigwa marufuku. Siku ya mwisho ya mwaka Ngugi wa Thiong'o alitiwa kizuizini bila hukumu, akakaa humo mpaka Desemba 1978. Ndani ya gereza akaandika kitabu juu ya karatasi za chooni. Mwaka 1982 serikali ikaibomoa Kamiriithu. Yeye akaishi ugenini miaka mingi, na akafariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Angalieni ajabu hii. Alikuwa amekwisha kuandika vitabu kwa Kiingereza, vyenye maneno makali, na hakufungwa kwa ajili yake. Alifungwa alipoandika kwa lugha ambayo mama yake angaliielewa.

Wengine hawakufungwa wala kuuawa, lakini walikaa kimya. Bwana Hussein aliacha kazi ya Chuo Kikuu katika miaka ya 1980 akaishi Dar es Salaam maisha ya utulivu, mbali na makelele ya sifa. Watu wengi wanaokijua kitabu chake hawaijui sura yake. Hilo nalo ni funzo kwa vijana wa leo ambao hutaka picha yao itangulie kazi yao.

Lakini sikilizeni, kabla hajanyamaza alitoa mchezo mmoja ambao kila mzee wa kanisa katika mkoa wetu angefaa kuusoma. Unaitwa Kwenye Ukingo wa Thim, nao ulitoka mwaka 1988. Msingi wake ni jambo lililotokea Nairobi. Desemba mwaka 1986 alifariki wakili mmoja mashuhuri, S. M. Otieno, Mjaluo. Mkewe, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika karibu na Nairobi walikoishi. Ukoo wa mume ukasema hapana, atazikwa kwao. Kesi ikaenda miezi mitano, na maiti ikingoja. Mei mwaka 1987 ukoo ukashinda, naye akazikwa kwao Nyalgunga, katika nchi ya Siaya. Katika mchezo, mume aitwa Herbert na mke aitwa Martha. Thim ni neno la Kijaluo, lenye maana ya pori. Mtungaji anatupeleka pale ukingoni, mahali mji unapokoma na pori linapoanza, tumwone mwanamke amesimama peke yake mbele ya ukoo mzima, na mali inagawanywa machoni pake.

Je, si mchezo wa binti wa Makambako? Hakuwahi kukisoma kitabu kile. Aliyaona mambo yale yale kwa macho yake mwenyewe, katika mtaa wake.

Wasomaji wapenzi, tuseme kweli mbele za Mungu. Mkoa wetu wa Njombe umeumizwa sana na ugonjwa wa UKIMWI. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2011–12 ilionekana kuwa watu 14.8 katika kila mia, wenye umri wa miaka 15 hata 49, walikuwa na virusi, na mkoa wetu ukawa wa kwanza katika nchi nzima. Uchunguzi wa mwaka 2016–17 ulionyesha 11.4 katika kila mia, na bado tulikuwa wa kwanza. Dawa zimesaidia sana, watu wanaishi na kulea watoto wao, tunashukuru. Lakini makaburi ya miaka ile yaliacha wajane wengi na yatima wengi. Na ardhi yetu, iliyokuwa ya mahindi na ulanzi, leo ina miti ya mbao na miparachichi, nayo ina bei. Palipo na bei, baba wadogo huongezeka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Sheria iko kitabuni huko mjini. Kamba ya kupimia iko mkononi mwa shemeji.

Ndipo nikafika kwenye swali lenyewe. Je, ilikuwa vema binti kulisema jambo hili kwa mchezo, katika uwanja wa kanisa, siku ya sikukuu? Wazee walisema palikuwa na njia nyingine. Angekwenda kwa mchungaji. Angepeleka shauri barazani. Ni kweli, njia hizo ziko. Lakini fungueni Biblia zenu, Samweli wa Pili, sura ya 12. Mfalme Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumwua Uria mwenyewe. Nani angemshitaki mfalme, na baraza gani? Nabii Nathani hakuja na mashitaka. Alikuja na hadithi ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Mfalme akasikiliza, akawaka hasira, akamhukumu yule tajiri. Ndipo Nathani akamwonyesha kwamba tajiri ni yeye. Kama angeanza na jina la Daudi, Daudi angejitetea. Alianza na kondoo, na moyo wa Daudi ukafunguka kabla hajajua.

Wale wanaume watatu waliokwenda kulalamika, nani aliwataja? Hakuna. Walijitaja wenyewe. Mchezo ulikuwa umefanya kazi yake.

Lakini pia nilimwambia binti neno la kumzuia kidogo, maana mtungaji naye ana wajibu. Nathani hakumcheka Daudi. Mtungaji akitaka kumwaibisha jirani yake mmoja, amvalishe kofia yake, amwige mwendo wake, huo si mchezo, ni umbeya uliopandishwa jukwaani. Baba mdogo wa mchezo na apewe naye sababu zake. Pengine ana madeni. Pengine alimsomesha marehemu kwa jasho lake, na sasa anaona mali inakwenda kwa watu wa mbali. Mtazamaji amwelewe, hata amwonee huruma, na bado aone kwamba anaiba. Katika Kinjeketile hata watu wanaokosea wana sababu zao. Binti alikubali. Aliurudia mchezo usiku, akamtungia baba mdogo maneno marefu ya kujieleza. Nami niliposoma nikaona amekuwa mbaya zaidi kuliko kwanza, kwa sababu sasa alifanana nasi.

Nilikwenda naye kwa wazee. Niliwaeleza haya niliyowaandikia hapa, kwa ufupi. Wengine walikunja uso. Mama mmoja wa baraza, mjane mwenyewe, akasema, "Uchezwe kwanza mbele yetu sisi wazee peke yetu, halafu tuongee." Wakakubali. Siku ya Jumamosi vijana wakacheza ndani ya jengo la shule ya Jumapili, bila mavazi wala ngoma. Ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Kisha mazungumzo yakaanza, yakaendelea mpaka taa zikawashwa. Mzee mmoja, asiyekuwa hata mmoja wa wale watatu, alisema kwamba yeye ni mwangalizi wa watoto wa marehemu kaka yake, na kwamba hajawahi kuwaonyesha watoto hao mpaka wa shamba lao uko wapi. Alisema atawaonyesha. Mimi sijui kama amekwisha kwenda. Na shamba la jirani lililomfanya binti atunge mchezo halijarudi kwa mwenyewe hata leo ninapoandika. Sitaki kuwadanganya kwamba mchezo hurudisha mashamba. Lakini wazee wameruhusu uchezwe tena, na baba mdogo yumo.

Jambo hili la kucheza kisha kuongea si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mama Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu, akiwamo Mama Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, mkoa wa Mwanza. Hawakuwapelekea watu mchezo uliokwisha kutungwa. Waliwauliza wanakijiji shida zao, wakacheza nao kwa ngoma zao wenyewe, na baada ya mchezo watu wakajadiliana. Baadaye Mama Muhando aliandika kitabu juu ya njia hii, mwaka 1991. Na katika mchezo wake wa Nguzo Mama, wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo kubwa, nayo haisimami, kwa sababu kila mmoja ana lake la kumwondoa kazini. Kina mama wa vikundi vyetu wangeujua mchezo huo mara moja wakiutazama.

Basi, niwaombe nini ninyi wasomaji? Kwanza, wazazi, mtoto akiwa na daftari la michezo msilichomee moto wala msilifungie karanga. Lihifadhini. Michezo mingi mizuri ya Krismasi na Pasaka imechezwa katika makanisa yetu, ikapotea, kwa sababu haikuandikwa. Wala mtu hajui ni nani aliitunga. Andikeni jina la mtungaji juu ya karatasi, na mwaka.

Pili, viongozi wa sharika, kikapu kikipitishwa siku ya mchezo, sehemu ndogo na iwekwe kwa ajili ya mtungaji, anunue daftari na kalamu na nauli ya kwenda kuwasikiliza wazee huko Lupembe au Uwemba au Yakobi. Mpiga kinanda twamtunza, fundi wa madhabahu twamlipa. Huyu naye ni fundi.

Tatu, wazee wenzangu, mchezo ukituchoma, tukae kwanza. Tujiulize unatuchoma kwa sababu ni uongo au kwa sababu ni kweli. Kama ni uongo, tumwite mtungaji tumsahihishe kwa upole. Kama ni kweli, tusimwadhibu mwenye taa kwa sababu ya uchafu uliokuwamo nyumbani kabla yake.

Na ninyi vijana wa Njombe na Makambako mnaotunga, someni. Kinjeketile yapatikana katika shule nyingi. Tafuteni na Kwenye Ukingo wa Thim, na Nguzo Mama. Msiige maneno yao, igeni bidii yao. Shikeni kazi ya mikono. Tungeni kwa Kiswahili, na kwa Kibena na Kikinga pia, maana bibi yako naye ana haki ya kuelewa.

Binti yule bado anashona, na sasa anatunga mchezo wa pili. Ni juu ya kijana wa lori na msichana wa mgahawa, pale stendi ya Makambako. Nimemwambia asinionyeshe mpaka umekwisha.

Nawatakieni heri na amani ya Bwana.

Wenu, Mwalimu mstaafu, Njombe.